Gari Lililokunywa Gongo ya Shangazi

Tulilisikia kabla ya kuliona. Sauti ilipanda kutoka bondeni, upande wa mgodi, ikapenya migomba kama mtu anayetikisa kokoto ndani ya debe. Pale njia ilipojipinda nyuma ya kilima ilikatika. Kisha ikarudi, karibu zaidi, kali zaidi, na kuku wakakimbilia chini ya kitanda cha kuanikia kahawa. Shangazi yangu, aliyekuwa ameinama akichochea moto chini ya chungu chake, alinyoosha mgongo akasikiliza.

"Ng'ombe wa Mzungu wako," akaniambia, "ana ugonjwa wa tumbo."

Niliujua ugonjwa huo. Mikono yangu ilikuwa imeshinda ndani ya tumbo lile wiki nzima.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa fundi katika karakana ya mgodi wa bati huko kwenye vilima vya Kyerwa. Kazi yetu hasa ilikuwa malori, yale yaliyobeba magunia ya bati na kurudi na mapipa ya petroli. Lakini mhandisi wa mgodi, Mwingereza mwenye shingo nyekundu na miguu mirefu, alikuwa na gari lake mwenyewe: dogo, la viti viwili, rangi ya majani mabichi, halina paa, limelala chini kiasi kwamba mtu mzima akisimama kando yake anaona utosi wa dereva. Lilikuwa limeundwa kwa ajili ya mbio na si kwa kazi nyingine yoyote. Ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, Wazungu walikuwa na mashindano ya kupanda kilima kwa magari, moja baada ya jingine, na saa mkononi. Bwana Mhandisi alikwenda akashindwa na daktari mmoja wa meno. Akarudi akiwa hawezi kula.

Nataka niseme kwanza kwamba nililipenda gari lile. Hasira yangu haina maana bila jambo hilo. Nililipenda kama mtu anavyopenda wimbo ambao maneno yake hayajui. Nilipofungua boneti na kuziona kabureta zake mbili za kuchanganyia petroli na hewa zimekaa ubavuni mwa injini kama matiti ya mbuzi, nilinawa mikono kabla ya kuzigusa.

Ili kumshinda daktari wa meno, Bwana Mhandisi alitaka injini iongezewe nguvu. Tulikifungua kifuniko cha silinda, tukakisugua juu ya bamba la kioo kwa unga wa msasa, siku baada ya siku, mpaka kikapungua unene. Maana yake ni rahisi: chumba ambamo petroli inaungulia kikawa kidogo, pistoni ikawa inabana hewa kwa nguvu zaidi, na kila mlipuko ukawa na hasira zaidi. Tulipanua matundu ya kuingizia hewa, tukayang'arisha kwa kitambaa na majivu. Tulipoliwasha, lilinguruma vizuri mpaka Fundi Mkuu akacheka peke yake.

Fundi Mkuu alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri aliyeokoka, mtu wa kumsifu Bwana kila spana inapofungua nati iliyokwama. Alinitania tangu siku niliyoajiriwa. "Nyinyi Wanyambo," alisema, "mngekuwa mmeunda gari, mngelitia pembe kama ng'ombe wenu."

"Na nyinyi Wahaya," nikamjibu, "mngeliuza kabla halijapoa."

Lakini lilipopanda kilima cha kwanza, gari likaanza kulia kokoto. Petroli iliyotufikia ndani ya mapipa ilikuwa dhaifu. Ikibanwa sana, ililipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko wa namna hiyo ulikuwa nyundo juu ya pistoni. Tungeliacha hivyo, pistoni zingetoboka. Bwana Mhandisi alilijua hilo, na alijua pia dawa yake. Kwao, alisema, magari ya mbio hunyweshwa pombe: pombe kali, isiyo na maji, ambayo huungua polepole na kuipoza injini. Alinisimulia haya akiwa ameegemea mlango wa karakana. Kisha akainua pua. Upepo ulikuwa unatoka upande wa nyumba ya shangazi yangu.

"Ile harufu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamuru, "natoka wapi?"

Ndipo asubuhi ile gari likapanda kwa Shangazi, likilia kokoto.

Shangazi alikuwa dada wa baba yangu. Aliolewa Nyakasimbi, mumewe akafa bila mtoto wa kiume, na shemeji zake wakamwonyesha njia. Hakulia. Alikuja karibu na mgodi, mahali penye wanaume wenye kiu, akaanza na rubisi: ndizi huvundikwa shimoni mpaka ziive, hukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, huchanganywa na mtama wa kukaanga na kuachwa zichachuke. Baadaye akajifunza kuichemsha rubisi hiyo na kuushika mvuke wake. Gongo ndiyo iliyomnunulia kibanja. Mwanamke mwenye kibanja alichokinunua mwenyewe, migomba yake, mibuni yake, mlango wake: ninyi mnaosoma leo hamwezi kujua lilikuwa jambo kubwa kiasi gani. Kila mtu alijua anapika gongo. Serikali ilikataza, na wazee wa gombolola, baraza letu la tarafa, waliokuwa wakitekeleza katazo hilo walikuwa wateja wake.

Bwana Mhandisi aliingia akiinama chini ya mlango. Shangazi akamkaribisha kwenye mkeka kama mgeni mwingine yeyote. Gari lake halikumshangaza, wala ngozi yake. Alichota gongo kwa kijiko, akaiwasha. Ilipoungua kwa mwali wa bluu, Bwana Mhandisi alikitazama kijiko, akaona tone la maji lililobaki chini.

"Maji kidogo iko," akasema.

"Mwambie hata yeye ana maji kidogo," Shangazi akaniambia. "Ndivyo tulivyoumbwa."

Walielewana haraka kuliko nilivyotazamia. Shangazi angeichemsha gongo mara ya pili, kisha kuiacha juu ya chokaa iliyochomwa ili chokaa inywe maji yaliyosalia. Bwana Mhandisi angenunua yote. Alilitazama bomba la mwanzi la Shangazi, lile la kupozea mvuke, akatikisa kichwa, akaniamuru nimtengenezee la shaba kutoka kwenye mabaki ya karakana. Nililikunja mwenyewe, juu ya gogo, nikiwa nimelijaza mchanga ili lisibonyee. Lilikuwa zuri kama bangili.

Halafu Shangazi akaleta kahawa.

Asiyetoka kwetu anahitaji kuambiwa. Sisi kahawa hatukuwa tukiinywa, tuliitafuna. Matunda huchemshwa na majani ya harufu nzuri, hukaushwa, huwekwa ndani ya kijikapu chenye kifuniko, na mgeni hawezi kuondoka bila kutolewa. Hiyo ni heshima ya kila siku. Lakini tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala tumbo kwa tumbo, na watu wawili wakigawana tunda moja, hilo si jambo la kila siku tena. Shangazi alichukua tunda moja, akalipasua kwa kucha, akaweka punje moja mdomoni mwake, nyingine kiganjani mwa Bwana Mhandisi.

"Mweleze," akaniambia. "Akiitafuna, hatanitendea ubaya. Na mimi nikitendewa ubaya, hatanyamaza. Mimi vilevile kwake. Kama hataki, aniachie punje yangu, tutafanya biashara tu kama watu wa sokoni."

Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha shule ya misheni, pole pole, neno kwa neno. Nilihakikisha. Yeye akaitazama punje, akaitia mdomoni, akatafuna akikunja uso.

"Mzuri sana," akasema. "Rafiki."

Shangazi akapiga vigelegele vifupi, mara moja tu, kama mtu anayefunga fundo.

Tulipochanganya petroli na gongo ya Shangazi, gari liliacha kulia kokoto. Lilikuwa limeponywa. Ilitubidi kutoboa upya jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, kwa kuwa gongo hutaka iingie kwa wingi zaidi, na kubadilisha vizibo ambavyo pombe ilivilainisha vikawa kama uji. Lakini lilipopanda kilima kile kile, liliimba. Watoto wa wafugaji waliacha ng'ombe malishoni wakashuka mbio kulitazama. Mahali lilipopita palibaki harufu ya kilabu.

Fundi Mkuu ndiye aliyeteseka. Aliimimina gongo kichwa amekigeuza pembeni, kitambaa puani.

"Bwana asifiwe," aliniambia, "leo ibadani mzee wa kanisa amenikalia mbali. Amenitazama akaguna. Miaka kumi tangu niache pombe!"

"Fundi, si uliombee gari liokoke?"

"Likiokoka," akasema kwa huzuni, "litakwenda kama baiskeli."

Na Shangazi alifurahi. Wanaume wa mgodini walilalamika kwamba siku hizi kwake hakuna kitu, yeye akawajibu kwamba amepata mteja asiyemshika kiuno. "Hilo gari," aliniambia, "lina kiu kuliko marehemu mume wangu. Lakini halinipigi."

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito.

Jioni moja Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya, alikuja kula nyumbani kwa Bwana Mhandisi. Mpishi alikuwa mtu wa Kanoni, alijua Kiingereza cha mezani, naye ndiye aliyenihadithia. Bwana Mhandisi hakumchongea Shangazi. Alijisifu. Alisema anamshinda daktari wa meno kwa maji ya ndizi yanayopikwa na bibi mmoja mlimani, tena bora kuliko chochote kitokacho Ulaya. Walicheka. Bwana Shauri alicheka kuliko wote. Na kesho yake, akiwa ameshiba mzaha wa mwenyeji wake, akawaita watu wa gombolola, akawauliza inakuwaje gongo inapikwa waziwazi hata Wazungu wanaizungumzia mezani.

Mpishi aliniambia asubuhi. Nilikimbia. Nilimkuta Shangazi amekaa kando ya chungu, bomba la shaba linang'aa, tone linafuata tone.

"Shikamoo Shangazi. Wanakuja kupekua. Ondoa hivi vyote. Nikusaidie tuvizamishe kwenye kinamasi, chungu na bomba, sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Umekimbia mpaka unatoka jasho. Kaa unywe maji."

"Shangazi, wanakuja!"

"Nimesikia. Nifiche nini? Gongo hii hainywi mtu. Inakunywa gari. Mwenye gari amekula kahawa kwangu. Waje, nitawaambia wamwulize."

"Yeye ni Mzungu. Hajui maana yake."

Alinitazama kwa ukali ambao sijauona kwake tena. "Ulimweleza au hukumweleza?"

"Nilimweleza."

"Basi anajua."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Kama ningeweza kumbeba, ningembeba. Lakini mtu mzima aliye ndani ya neno lake huwezi kumbeba. Mkungu, yule mkuu wa kijiji, alikuja na matarishi, wakamkuta amevaa kitenge chake kizuri, wakachukua chungu, bomba na yeye.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza la gombolola, chini ya paa la bati, mbele ya wazee watano kwenye benchi. Wanne kati yao nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakitoka kwa Shangazi wakitembea upande upande. Yule wa katikati, aliyehukumu, hakuwa mtu mbaya. Alitafuta mlango wa kumtoa. Alisema kwa sauti ili sote tusikie:

"Bibi, kupika gongo ya kunywa ni kifungo. Kama bwana wa mgodi atakuja hapa na kusema ulimtengenezea mafuta ya mashine, kwa amri yake, hilo ni shauri la mgodi, si letu. Utakwenda nyumbani."

Neno moja, basi. Hakutakiwa kulipa kitu wala kuapa. Asimame pale aseme: ndiyo, ni kwa ajili yangu. Tarishi alitumwa kwa baiskeli, na baraza likasubiri. Shangazi aliketi sakafuni miguu ameinyoosha, mtulivu, akizungumza na wanawake dirishani juu ya bei ya mtama.

Bwana Mhandisi akaja. Gari lililia kokoto njia nzima, kwa kuwa gongo ilikuwa imekwisha. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na karani wa baraza akamwuliza kama anamfahamu mwanamke huyu na kama alikuwa anamtengenezea mafuta ya gari.

Sikujua bado kwamba Bwana Shauri alikuwa amemwonya: kununua gongo ni kosa kama kuipika, na mgodi usingependa kuona jina lake likitajwa. Nilikuja kulijua baadaye. Kulijua hakukunipunguzia chochote.

"Mimi hapana jua huyu bibi," alisema. "Gari yangu nakunywa petroli."

Watu wote mle ndani walikuwa wananusa harufu ya gari lile kila siku. Karani akainua bomba la shaba.

"Na hili?"

Bwana Mhandisi akalitazama bomba ambalo aliniagiza nilikunje. Akainua mabega.

"Labda nakwiba."

Nilisimama. Nilisema ni mimi niliyelikunja, kwa amri yake, na kwamba nilikuwepo walipopatana. Mzee wa katikati alinyoosha mkono, akaniuliza taratibu: "Wewe ni nani kwake?" Nikasema ni shangazi yangu. "Kaa chini, mwanangu," akasema. Na nikaona usoni mwake kwamba ananiamini, na kwamba hilo halitabadilisha kitu.

Ndipo Shangazi akazungumza kwa mara ya kwanza. Hakumtazama Bwana Mhandisi. Aliwatazama wazee wale mmoja mmoja.

"Mwulizeni alikula nini nyumbani kwangu."

Wale wazee walijua. Walikuwa wamezaliwa ndani ya desturi ile, wamewaoza binti zao kwayo, wamepatana na maadui zao kwayo. Wangeweza kumwuliza. Swali lenyewe lisingewavunja meno. Lakini walikuwa wakitazama kofia mkononi mwa yule mtu, viatu vyake, gari lake pale nje, nao wakaitazama sakafu. Karani hakulitafsiri swali. Bwana Mhandisi alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayesubiri mvua ipungue, akaondoka.

Miezi sita gerezani Bukoba. Kwa gongo na kwa bomba.

Rafiki zangu ninaokaa nao siku hizi tukisomeana maandishi huniambia niingoje hasira ipoe, ndipo niandike. Wanasema mhandisi yule alikuwa mtu wa zama zake. Shangazi yangu naye alikuwa mtu wa zama zizo hizo, na alilishika neno lake mpaka akapandishwa lori la wafungwa. Wanasema niwaonee huruma wazee wa baraza. Nimejaribu. Kila ninapojaribu naona midomo yao, iliyokunywa kwake kwa mkopo, ikifumbwa.

Siku ya pili baada ya lori kuondoka nilikwenda kazini. Sikuwa na mpango wowote. Gari lilikuwa katikati ya karakana, kabureta zimefunguliwa juu ya meza, sindano zake na jeti zake zimepangwa juu ya kitambaa cheupe, zikinisubiri. Fundi Mkuu hakumsifu Bwana asubuhi hiyo. Alikuwa anasafisha plagi ambayo ilikwisha kuwa safi.

Bwana Mhandisi aliingia akipiga mluzi.

"Jumapili iko mbio," akaniambia. "Gari nalia tena. Wewe najua bibi ingine napika? Leta bibi ingine."

"Bwana," nikasema, "aliyepelekwa Bukoba ni shangazi yangu."

"Najua," akasema, na akaniwekea mkono begani, mkono wa mtu mwenye huruma ya kweli. Nitaapa ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayonichoma. "Najua ile mama. Mzuri sana, ile mama. Pole. Lakini Jumapili iko mbio."

Alimjua. Alilisema mbele ya makopo ya grisi na matairi ya zamani, mahali ambapo halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Nilivua aproni ya kazi, nikaiweka juu ya meza. Sikugusa jeti hata moja. Ningeweza kuifinya moja kwa koleo, na gari lisingepanda hata kichuguu. Fundi Mkuu aliona macho yangu yalipokuwa, akaacha kusafisha plagi. Lakini sikutaka gari lile lihukumiwe kwa kosa ambalo si lake.

"Kijana," Fundi Mkuu alinong'ona kwa Kihaya, akinifuata hatua chache, "usifanye ujinga. Ukitoka hapa, hakuna karakana nyingine mpaka Bukoba."

"Basi ndiko ninakokwenda. Mfungwa anahitaji mtu wa kumpelekea chakula."

Nyuma yetu Bwana Mhandisi alikuwa tayari ameinama juu ya kitambaa cheupe, akipuliza kitu kidogo kilichoshikwa kati ya vidole viwili, na bila kuinua kichwa akasema:

"Fundi. Funga mlango. Vumbi naingia kabureta."

Nikatoka kwenye jua. Nilisikia mlango wa mabati ukiburutwa sakafuni, taratibu, kwa mkono wa mtu asiyetaka, na komeo likaanguka mahali pake.